Picha ya Kichwa Kilichotikisika

Watawa watukufu, ninyi mliotubariki asubuhi hii kabla hatujatia kitu kinywani; Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo; Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya; waheshimiwa madaktari na walimu, mliokaa mbele kwenye viti vilivyovikwa vitambaa; ndugu wageni waalikwa; wazazi wenzangu, mliokaa nyuma karibu na mlango ili mtoto akianza kupiga kelele mtoke naye upesi; na wewe Mwalimu Saowalak, uliyevishwa mashada hadi shingo haionekani: nawasalimu nyote kwa viganja viwili pamoja.

Mimi ni Champi. Sokoni wananiita Mama Tonkla, muuza saladi ya papai bichi. Kijana wa itifaki aliniambia pale nje, "Mama, uwe mfupi, useme mazuri, na tafadhali usilie." Nikamjibu kwamba kwa ufupi nitajitahidi, kulia nilishamaliza, na mazuri atayasikia akiwa na subira. Waliotangulia kusema wamesema Mwalimu, kwa miaka yote ya kupiga picha za ubongo wa watoto wenye usonji, ametupa majibu. Wazazi wenzangu, ni nani kati yenu aliyerudi nyumbani na jibu? Mimi nilipewa moja, kisha nikanyang'anywa, na aliyeninyang'anya ndiye tunayemuaga leo anapostaafu. Nimekuja kumshukuru kwa kuninyang'anya. Naomba mnisikilize hadi mwisho kabla hamjaniita mtovu wa adabu.

Maisha yetu huku Isan, mbali na jiji kuu, mnayajua. Mvua ikikataa na mpunga ukikauka, mama humwachia bibi mtoto, akapanda basi la Bangkok. Nilimwacha Tonkla akiwa bado ananyonya, nikaenda kushona mashati kiwandani. Nani humu hana dada au shangazi aliyefanya hivyo? Niliporudi nilimkuta anatembea, lakini ukimwita jina hageuki. Alipanga makopo ya maziwa mstari mmoja kutoka mlangoni hadi kwenye mtungi wa maji, na ukisogeza kopo moja alijigonga ukutani mpaka damu itoke. Neno hakuwa nalo, na hakulipata mpaka mwisho.

Mama yangu mzazi, Bibi Pheng, alikuwa na maelezo yake tayari. Mtoto mchanga, alisema, khwan yake bado haijauzoea mwili. Ile roho nyepesi ya utosini, mama akiondoka mapema, nayo humfuata mama.

"Ya huyu ilikufuata Bangkok, ikapotea njiani," aliniambia. "Mtoto ni kama wali wa kunata. Ukiacha kikapu wazi unakauka, na hata uupashe vipi haurudi."

Aliyasema hayo akimlisha mjukuu wake, bila hasira, kama mtu anayesema jioni mvua itanyesha. Ndiyo maana yaliniuma. Alichukua wavu wake wa mkono wa kuchotea samaki, akaenda kando ya barabara lilipopitia basi langu, akawa anachota hewa na kuita, ili ainase khwan ya mjukuu airudishe nyumbani. Alimfunga Tonkla nyuzi nyeupe mikononi, za kuishika khwan ikae, Tonkla akazitafuna zote. Hospitali walitupa neno, usonji, nami nikalileta nyumbani kama mtu aliyebeba dawa. Mama yangu aliniuliza umetoka wapi huo usonji.

Ndipo tukaitwa kwa Mwalimu. Alikuwa amerudi kutoka ng'ambo, kijana bado, na mashine kubwa ya sumaku ambayo ikifanya kazi hugonga kama mafundi wanaoezeka bati. Mashine ile inataka kichwa kitulie. Huko alikosoma, kichwa cha mtoto hubanwa kwa sponji kushoto na kulia, na mkanda juu ya paji. Sasa niambieni, kwetu hapa nani ataushika utosi wa mtoto wa mwenziwe, makao ya khwan, aukaze kama anayefunga gunia? Mabibi wangewabeba wajukuu wao na kwenda zao, tena wangefanya haki. Kwa hiyo Mwalimu aliweka utaratibu wake. Kila mfanyakazi aunganishe viganja amwombe mtoto radhi kabla ya kumgusa kichwa, sponji ziwekwe lakini zisibane, na mkanda uachwe kabatini. Nilimwona kwa macho yangu akimwinamia mwanangu, mtoto wa muuza papai, akimwambia, "Samahani sana, bwana mdogo, naomba kichwa chako." Nilimpenda tangu hapo. Lakini ukumbukeni utaratibu huo, waheshimiwa, kwa sababu ndio uliotuangusha.

Tonkla aliingia mle ndani akalala, macho wazi, akiguna pamoja na mashine. Alitulia kwa kadiri ya kutulia kwake.

Baadaye Mwalimu alinionyesha picha. Ubongo wa mwanangu, na nyuzi za rangi zikiunganisha huku na huku. Kwa watoto wengine nyuzi ndefu zilikuwa nyingi, kwa wetu zilikuwa chache. Alisema sehemu za ubongo zilizo mbali hazisemezani vya kutosha. Pengine alisema na mengine, lakini mimi nilisikia jambo moja tu: umbali uliomwumiza mwanangu haukuwa wa kutoka Bangkok hadi kijijini. Ulikuwa mle ndani ya kichwa, na haukungoja mimi nipande basi.

Niliiomba ile picha, nikaitia fremu, nikaitundika ukutani chini ya picha ya mtawa wetu mkuu. Mama yangu aliitazama, akatafuna tambuu yake. Miaka ile, waheshimiwa, nilikuwa nikilala usingizi. Na si mimi peke yangu. Nawaona pale nyuma akina mama wenzangu wanaitikia kwa vichwa. Mwalimu naye alipaa. Aliitwa kusema katika miji ambayo sisi tunaisikia redioni, na chuo hiki kilijengewa jengo zuri kwa ajili ya sifa zake.

Kisha wanasayansi wa nchi nyingine wakaanza kunong'ona kuhusu vichwa vinavyosogea. Wenzake walisema hayo ni ya huko kwao. Yeye hakutosheka. Aliwachukua wanafunzi wake, vijana wazungumzaji wasionyamaza hata kwenye mazishi, akawaingiza kwenye mashine, akawaambia watikise kichwa kidogo tu, upana wa punje ya mchele. Picha zilipotoka, wanafunzi wake wote walikuwa na usonji. Nyuzi ndefu zilikuwa zimepungua, sawasawa na za watoto wetu.

Heshima yetu kwa vichwa vya watoto ilikuwa imewaachia nafasi ya kutikisika, na watoto wetu walitikisika kuliko wenzao, na mashine haijui kutofautisha kichwa kinachosogea na ubongo usiosemezana. Mmoja wa wenzake, sitamtaja, na kama yumo humu ataangalia viatu vyake mwenyewe, alimwambia, "Mwalimu, acha. Nani atakuja kupima sponji za Isan?" Kweli, nani angekuja? Angeweza kustaafu leo na sifa zake zote, na mimi nisingesimama hapa.

Aliziondoa makala zake kwenye majarida ya sayansi kwa mkono wake. Kisha, kabla magazeti hayajanusa, alitukusanya kwenye banda la hekalu la kijijini kwetu. Hakuja na msaidizi. Alikaa sakafuni kama sisi, mama yangu akiwa ubavuni kwangu, akasema:

"Picha nilizowapa si za kweli. Hazionyeshi jinsi watoto wenu walivyo. Hazionyeshi kitu, isipokuwa mtoto aliyekuwa akitikisa kichwa. Utaratibu ulikuwa wangu, na kosa ni langu."

Mama yangu alihamishia tambuu shavu la pili, akanigeukia.

"Nilikwambia," akasema.

Mnajua neno hilo lilivyo zito likitoka kwa mama? Nilisimama nikamtukana Mwalimu kwa matusi ambayo sokoni tunawawekea wezi. Nikamwambia aje achukue takataka yake ukutani kwangu. Akaja. Akapanda ngazi ya nyumba yangu, akainyooshea mikono. Nami niliposhika ile fremu nikashindwa kuitungua, sikujua kwa nini, nikaishia kumfukuza.

Hakufukuzika. Alikuja kibandani kwangu kuagiza papai, nikampikia hasira yangu yote kwa pilipili. Akala, jasho likimtoka, akalipa, wiki iliyofuata akaja tena. Kazini alikuwa ameanza upya kama mwanafunzi. Aliwatembelea mabibi nyumba kwa nyumba akiomba ruhusa ya kukaza sponji, na wengi walimpa, kwa sababu alikuja mwenyewe. Picha zikawa safi. Lakini safi kwa watoto gani? Kwa wale wanaoweza kulala wakatulia. Tonkla na wenziwe, wasio na neno, wanaojigonga ukutani, walitupwa nje ya hesabu, maana kila walipoingia picha iliharibika. Alitengeneza mashine ya mbao ya kuwazoeza. Alijaribu kuwapiga picha wakiwa usingizini. Wachache waliweza. Wangu hakuweza.

"Ninaowajua vizuri ni wale wanaonihitaji kidogo," aliniambia siku moja kibandani, na machozi yale hayakuwa ya pilipili. Nilimsogezea wali, nikamtwangia papai lingine kinuni.

Waheshimiwa, mwaka Mto Chi ulipofurika, Tonkla alikuwa amekwisha kuota ndevu. Mchana mmoja, mimi nikiwa sokoni na mama yangu amesinzia, alitoka nyumbani. Alipenda maji tangu utoto. Tulimkuta kwenye bwawa nyuma ya shamba la mpunga.

Walipomtoa, mama yangu alikwenda na wavu wake ukingoni, akachota ile hewa juu ya maji, akimwita mjukuu wake arudi nyumbani. Alichota mpaka mikono ikakataa. Hakuna aliyethubutu kumshika.

Mwalimu alikuja msibani. Najua, kwa kuwa watu husema, kwamba kuna wenzake waliomhimiza aniombe ubongo wa mwanangu kwa ajili ya utafiti. Wataalamu walio mbele, msinune, najua nao wana sababu yao, na pengine mama mwingine atakubali. Mimi hakuniomba. Hakuuliza hata kwa macho. Alikunja mikono ya blauzi akakaa nyuma ya jiko, akaosha sahani za waombolezaji siku zote za kusomewa dua, profesa mzima, mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana. Siku ya mwisho nilichuchumaa karibu naye. Mama yangu alikuwa hapo hapo akimenya vitunguu saumu. Nikauliza lile lililokuwa limenikaa kifuani tangu lile banda la hekalu.

"Mwalimu, ni mimi?"

Aliweka sahani chini.

"Ilianzia wapi, Mama Tonkla, sijui. Nitastaafu bila kujua. Lakini kwamba si mama aliyekwenda kazini, hilo lilijulikana kabla sijawasha mashine yangu mara ya kwanza. Halikuhitaji picha. Ningekwambia siku ile ile mlipofika mlangoni. Nikangoja picha, kwa sababu nilidhani bila picha hutaniamini."

Nikaiokota ile sahani nikaisuza.

"Mimi ningekuamini," nikamwambia. "Mama ndiye asingekuamini."

Tukamtazama mama yangu, sote wawili. Alikuwa ameinamia vitunguu vyake. Nilingoja aseme nilikwambia. Hakusema. Mvua zilizofuata na yeye alitutoka, na lile neno halikutoka tena kinywani mwake.

Madaktari vijana mlio humu, mtairithi mashine, mtapata kubwa zaidi. Mtatoa picha nzuri kuliko zake. Nawaombeni msingoje picha ndiyo mumwambie mama ukweli unaojulikana. Na siku picha ikiwadanganya, mpande ngazi ya nyumba yake mumwambie na hilo, hata akiwatukana. Atawatukana. Mnaweza? Huyu mnayemvika mashada aliweza, na mlimwacha aende peke yake.

Mwalimu Saowalak, desturi inataka nikupe zawadi ya kuagana. Wengi wanadhani nimekuja kukurudishia ile picha. Hapana, imebaki ukutani kwangu. Siku ile uliponyoosha mikono nikashindwa kuitungua, sikujua kwa nini, sasa najua. Picha nyingine za Tonkla ninazo, za shuleni, za kitambulisho, ambazo tulimshika wawili atulie kwa sekunde moja, na katika hizo zote simwoni. Wewe ulisema ile yako haionyeshi kitu, isipokuwa mtoto aliyekuwa akitikisa kichwa. Basi ndiye huyo. Ndiye mwanangu, akiguna na mashine, yu hai, anatikisika. Kwa sayansi yenu ni picha iliyoharibika. Kwangu mimi hakuna nyingine aliyomo.

Nilichokuletea ni uzi huu mweupe. Lete mkono nikufunge, na khwan yako, popote ilipodondoka katika kazi hii, irudi ikae. Kichwa chako sitakigusa.

Watawa watukufu, waheshimiwa, na ninyi wenzangu wa mlangoni, nimewachosha, nanyi mmenivumilia mpaka neno la mwisho. Nawashukuru kwa masikio yenu.