Ubao wa Kafuri na Jiwe la Nashipae

Sogeeni, wanangu, na mlango uacheni wazi, maana anayekohoa barazani ni mjomba wenu Hatibu, na maneno haya nataka yamfikie bila kupelekewa na mtu. Omary, kaa chini. Sophia, acha kulia, machozi yako utayahitaji kesho. Jana mlidhani nimelala, nami nilikusikia wewe Omary na mjomba wako mkiipima meza yangu ya kukandia kwa shubiri, mkisema jiwe lina baridi, unga hauumuki upesi, mtaling'oa na kuweka ubao kabla arobaini yangu haijaisha. Hata pumzi sijakata!

Sikilizeni basi jiwe hilo lilivyofika. Baba yenu alipofariki, boma la Wadachi likiwa bado jipya, niliachiwa kiwanja hiki, tanuri, na nyinyi wawili mkiwa bado mnatambaa. Nilianza kukandia juu ya bati la madebe ya mafuta ya taa, chachu ikalila, mikate ikatoka na weusi chini. Nikamwendea ndugu yangu wa tumbo moja, huyohuyo anayekohoa, seremala aliyefunzwa Pangani, nikamwambia nitafutie ubao. Akaniletea ubao mpana usio na fundo hata moja, wa mti wa misitu ya Kilimanjaro. Nikamuuliza, mbona unanukia? Akanijibu, "Sugua kwa ndimu, dada, itaisha." Nikamwamini, kwani nani humnusa ndugu yake?

Nikakanda mikate ya Idi juu yake. Mnajua maiti zetu hupakwa nini kabla ya sanda. Asubuhi ya Idi, sajini mmoja wa askari, aliyekuwa amemzika mkewe mwezi uleule, aliumega mkate wangu, akaunusa, akaurudisha kwenye sinia na kuondoka. Kafuri! Adhuhuri haijafika mji mzima ulikuwa ukisema Mwanamkuu anakandia unga kwenye kitanda cha kuoshea maiti. Mikate ya magunia mawili ya ngano niliwatupia kuku, na kuku nao walichagua.

Ndugu yangu alijua. Alikuwa akitengeneza masanduku ya nguo kwa mti huohuo wa kafuri, kwa kuwa nondo hawausogelei. Alijua, na siku ya tatu akaja na sauti ya huruma, akaniambia mwanamke hawezi kukaa na kiwanja peke yake, nimwachie yeye anitunze. Kikulacho ki nguoni mwako, wanangu. Nilimfukuza kwa mwiko wa tanuri, na kovu lile kwenye nyusi, ambalo huwaambia alikwaruzwa na tawi, ni langu.

Aliyeniokoa si wa damu yangu wala wa dini yangu. Ni Nashipae, mama Mwarusha wa Elerai, aliyekuwa akiniletea maziwa, na Kiswahili chake hakikuzidi maneno kumi. Aliunusa ubao, akacheka, akanishika mkono mpaka mto Themi. Hakuchagua jiwe kwa macho. Alimimina maziwa kidogo juu ya kila jiwe pana, tukakaa mpaka jua likapanda, kisha akapitisha kiganja. Yaliyokunywa maziwa aliyaacha. Moja lilikuwa na maziwa yake yote juu, na hilo akalitemea mate. Mimi nikakasirika, kwa ujinga wangu, sikujua kwamba kwao hiyo ni baraka. Wanawe wakaliburuta juu ya ngozi ya ng'ombe hadi hapa. Mawe ya boma waliyabeba kwa kiboko, hili walilileta kwa hiari yao.

Jiwe lisilokunywa maziwa halishiki harufu wala uchachu wa jana. Na baridi yake, Omary, huondolewa kwa kitambaa cha maji ya moto kabla ya kukanda, jambo ambalo ungelijua kama ungewahi kuamka kabla ya wateja.

Basi hivi. Jiwe, tanuri na chumba cha mbele nimempa Sophia, nimempa nikiwa hai na mbele ya mashahidi wawili, si urithi wa kugawana. Omary, fungu lako katika vilivyobaki utalipata kamili, lakini ukiligusa jiwe lile kwa mtaimbo, sina radhi nawe. Kila Ijumaa mikate miwili iende Elerai, Nashipae awepo asiwepo. Hakuniomba, nami sikuacha.

Nipe maji... Basi, yatosha.

Ule ubao sikuuchoma. Uko darini, umefungwa kwa mkeka. Miaka yote hii, na bado unanukia. Ukateni, unifunike kaburini, hapo ndipo mahali pake. Mtu asinunue kafuri, ninayo. Na aurande Hatibu mwenyewe, kwa mkono wake, vumbi lake limjae puani. Nikimsamehe ni baada ya hapo, na sijui kama nitafika.

Sophia, sogeza uso. Nilitaka kukutemea mate kama alivyofanya yule mama... mdomo umekauka. Chukua pumzi, basi. Mungu akupe mikono isiyochoka. Wewe pia, Omary, njoo, mwanangu mpumbavu. Mungu akupe macho.

Sasa nyamazeni. Kikohozi kimekoma barazani.

Hatibu. Usiondoke. Lete randa.