Pembe Iliyozidi

Seremala alikuwa kwenye treni, begi la misumeno miguuni, bibi mshonaji alipoketi kando yake akiwa amepakata sanamu ya Ganesha, yule mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo.

"Mwanangu, nikatie pembe hii."

"Mama, hata hatujasalimiana, tayari nimkate mungu wako?"

Bibi akacheka. Sanamu ilikuwa ya marehemu mama yake, na fundi aliyepewa aipake rangi upya alijitia ujuzi, akamwongezea mungu huyo pembe ya pili. Mafundi hawaamini kwamba Mungu anaweza kukusudia jambo.

"Ganesha ana moja tu nzima. Ya pili aliivunja mwenyewe, kalamu ilipomharibikia katikati ya kuandika kisa. Mama alikuwa akikipaka kigutu kile poda nyekundu kila asubuhi, akitusimulia, nasi tunachelewa shule. Sasa nikimtazama, mama simwoni."

"Na mkono ukiteleza?"

"Wewe si seremala?"

"Wa milango, mama. Milango hailaani mtu."

"Wala huyu halaani. Kazi yake ni kuondoa vikwazo."

"Basi kikwazo ni mimi!"

Treni ikasimama, bibi akashuka. Seremala, aliyebakiza vituo viwili kufika kwake, alijikuta jukwaani naye, begi mkononi, bado anabisha.