Kijiko Kimoja kwa Kila Nyumba

Benchi letu liko mbele ya duka la Gospava, limeegemea ukuta wenye jua, na mguu wake mmoja tumeuwekea tofali tangu siku Mizani alipokaa vibaya. Kila asubuhi Gospava anatoka na birika lake la shaba lenye mkono mrefu, anatumiminia kahawa, anatutukana kidogo, anarudi ndani. Sisi wa kudumu ni watatu. Mizani, jina lake la kubatizwa Milojko, alipima matunda ya plamu kwenye mizani ya ushirika miaka ishirini na sita. Daktari ni Svetozar, ambaye maisha yake yote alitibu nguruwe tu. Na mimi ni Tihomir, wananiita Breki, maana niliendesha lori la maziwa na sikuwahi kufika popote kwa wakati. Hapa kijijini Gornji Lug likishindikana jambo, linaletwa kwetu, na sisi tunazidi kulifanya lishindikane.

Jumanne hiyo ya Septemba akaja Radiša wa posta. Aliegesha baiskeli yake ya umeme, akakaa, benchi likalalamika.

— Nimeongezeka kilo mbili, akasema.

Haukuwa utani. Tangu Julai daktari wa mjini alimwambia moyo wake unabeba watu wawili. Alhamisi atapimwa. Akizidi kilo mia moja na kumi, anaondolewa barabarani, anakalishwa mjini kugonga mihuri, na huku mlimani tunaletewa masanduku ya barua kule njia panda, kila mtu ashuke mwenyewe. Huyo kila mtu ni vikongwe wenye mikongojo, na mmoja wao ni mama yangu mzazi, miaka tisini na moja.

Radiša: Mkate nimeacha. Nyama ya nguruwe nimeacha. Jibini mke wangu analifungia kabatini. Nakula tunda tu, jamani. Tunda!

Mizani: Basi mizani yako mbovu. Sukari ya tunda haina uzito. Miaka yote ile nimepima plamu, sikuona sukari hata chembe.

Daktari: Na chumvi kwenye supu huwa unaiona?

Mizani: Usinichanganye, bwana. Sukari ya kiwandani ina pembe, ndo maana inanasa tumboni. Ya mtini ni laini, inateleza. Asubuhi imeingia, jioni imetoka. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mgeni alikuwa nani na mwenyeji nani, hakuna aliyeuliza.

Daktari: Radiša, nisikilize mimi niliyesomea. Mwezi kama huu nguruwe wanalala chini ya miti ya plamu. Hakuna anayewapa biskuti. Wanaokota zilizoanguka, basi. Ikifika Novemba, ukoo mzima hauwezi kumwinua mmoja. Sukari ya tunda inanenepesha. Kesi imekwisha.

Radiša: Yaani mimi unanifananisha na nguruwe?

Daktari: Siwezi. Nguruwe nilimjua ndani na nje. Wewe nakujua nje tu.

Hapo nikaona nisipoingia, Daktari atauteka mjadala wote.

— Na nyigu je? nikasema. Wanashinda ndani ya plamu hizohizo toka alfajiri. Kiuno cha nyigu mmekiona kilivyo chembamba?

Gospava alitoa kichwa mlangoni, akamtazama nyigu mmoja kwenye kreti la plamu, akarudisha kichwa. Nina miaka sitini na minane na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumziba Daktari mdomo, kwa hiyo nilijiongezea kahawa bila kuomba ruhusa.

Daktari: Nyigu anaruka. Radiša anaruka?

Radiša: Mimi napanda baiskeli!

Daktari: Baiskeli ndo inakupandisha mlima. Inakubeba kama bibi harusi.

Mizani: Ngojeni, nimeipata. Ubaya hauko kwenye tunda, uko kwenye mti. Tunda la mti wako linakujua, linapita kwa adabu. La jirani halina pa kwenda, linakaa. Si mnajua, damu nzito kuliko maji?

Daktari: Upuuzi. Mwangalie dubu. Msimu mzima anakula tunda, halafu analala miezi minne, anaamka kakonda mpaka ngozi inamvuka. Kinachokondesha ni usingizi. Radiša, nenda kalale mpaka Alhamisi.

Mizani: Kabla ya kulala apige rakia, pombe yetu kali ya plamu, vikombe vitatu. Moto wa mtambo wa kuipikia unachoma sukari yote, linabaki tunda tupu.

Radiša: Na pensheni za watu nani atapeleka, dubu?

Alisema kwa hasira, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilimhurumia kweli. Mtu mzima wa miaka hamsini na sita anakuja kwetu kuomba msaada, na sisi tunampa dubu.

Wakati huo alikuwa amesimama pale binti mmoja mwenye kikapu. Ni Jelisaveta, muuguzi mpya wa zahanati, siku yake ya tatu kijijini, amefuata sabuni.

Jelisaveta: Shikamooni wazee. Samahani, Bwana Radiša, tunda gani hasa unalokula?

Radiša: Plamu. Cheri nyeusi. Kwa Desanka, tini.

Jelisaveta: Mbichi?

Radiša akatazama viatu vyake.

— Za kwenye kijiko, akasema.

Hakuna asiyejua kwetu. Ukivuka kizingiti cha mtu, kabla hujasema shida yako, unaletewa slatko: tunda zima limepikwa kwenye shira mpaka linang'aa, kijiko kimoja, na glasi ya maji baridi. Kukataa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba mikono yake michafu.

Mizani: Si ni tunda lilelile? Kokwa tu imetolewa.

Ndipo Gospava akatoka mzimamzima, taulo begani.

Gospava: Kokwa imetoka, imeingia nini? Kila Agosti nauza sukari gunia kwa gunia. Mnadhani wanalishia kuku? Kilo ya plamu, kilo ya sukari! Mmekaa hapo toka saa moja mnazungumza habari za nyigu!

Radiša: Lakini kijiko kimoja, Gospava! Haba na haba hujaza kibaba, ndo maana mimi kila nyumba nakula haba moja tu.

Jelisaveta: Nyumba ngapi kwa siku?

Alihesabu kwa vidole, akarudia.

Radiša: Ishirini na tatu. Kwa Stanojka, viwili. Haniachi mpaka kile cha pili.

Stanojka ni mama yangu.

Jelisaveta: Zote zina barua kila siku?

Radiša: Barua gani, binti yangu? Nani anaandika siku hizi? Naingiza kichwa tu, nione kama wameamka.

Jelisaveta akaweka kikapu chini.

— Basi jambo si gumu, akasema kwa upole. Plamu mbichi mbili tatu hazina neno. Hivyo vijiko ndivyo vya kuacha. Sasa, utaanza kukataa kwa nani?

Mizani ana shangazi yake kule juu, akaanza kukuna goti. Daktari alipuliza kahawa iliyokwisha zamani. Mimi nilitaka kusema, aanzie kwa mama yangu, ataelewa. Lakini mama yangu kila asubuhi anachana nywele, anaifuta glasi moja iliyobaki katika zile za harusi yake, anasimama nyuma ya pazia kusubiri. Mimi naenda kwake Jumapili, na glasi hiyo sijawahi kuwekewa. Niliona aibu, nasema wazi.

Gospava aliingia dukani, akarudi na sinia: chupa ya slatko, kijiko, maji.

Gospava: Binti, siku tatu upo kwetu na hujakaribishwa. Karibu.

Jelisaveta alikitazama kijiko. Akatutazama sisi. Sote tuliinama mbele, tofali likateleza, hakuna aliyejali. Akala. Akanywa maji yote.

— Ni tunda tu, Mizani akamnong'oneza.

Binti akawa mwekundu mpaka masikioni. Radiša alicheka, mara ya kwanza asubuhi ile, akanyanyuka, akavaa mkoba wake. Alipoishika baiskeli, alichomoa ufunguo wa umeme, akautia mfukoni, akaanza kuisukuma kwa mkono kuelekea mlimani. Mimi nikasimama.

Daktari: We Breki, unaenda wapi? Leo si Jumapili!

Nilimfikia Radiša kwenye kona, nikashika upande wa pili wa usukani.

— Kwa mama leo wewe kunywa maji, nikamwambia. Vijiko vyote viwili ni vyangu.