Jumamosi za Bi Verlene

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Bi Verlene Hargis anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa kwenye kaunta ya duka letu la zana za uvuvi, hapa kando ya Ziwa Guntersville. Mwenye duka, Dewey Sizemore, ameniomba niandike machache, na akaniomba nisilie. La pili siahidi.

Alianza kwa vituko. Wiki yake ya kwanza aliona minyoo ya plastiki laini, ile ya chambo, imezagaa mifukoni, akaihamishia yote kwenye visanduku vigumu vya plastiki, rangi kwa rangi, kwa unadhifu wa ajabu. Joto la Julai likaingia, na plastiki laini haipatani na ngumu. Minyoo ikayeyuka na kugandana na visanduku, yakabaki madonge ya zambarau na kijani. Dewey akayatazama, akasema, "Haya, Verlene, sasa tuyauze kama jeli." Donge moja liko juu ya mashine ya kahawa mpaka leo.

Baada ya hapo hakuna aliyemfikia. Wavuvi wa kaunti nzima, wanaovua samaki aina ya besi, walipanga foleni awavishie minyoo kwenye ndoano. Unachoma ncha kichwani mwa mnyoo, unaitokeza chini kidogo, unaigeuza, kisha unaificha tumboni ili isinase kwenye majani ya ziwani. Wengi huharibu hapo. Mnyoo ukijikunja huzunguka majini, mshipi unasokotana, na besi anajiendea zake. Wa Bi Verlene ulinyooka daima. Aliyevuta kabla samaki hajashika vizuri alirudi kulalamika, naye akajibiwa, "Mnyoo nilikuwekea mimi, mpenzi. Subira ulitakiwa uje nayo kutoka nyumbani."

Jumamosi ndiyo siku yetu ya pilikapilika, hivyo mumewe, Hoyt, alivua peke yake miaka yote hiyo. Kiti cha pili cha boti yake kilibeba kikapu cha sandwichi. Walishapanga kwamba Bi Verlene akistaafu, kikapu kitahama na kiti kitakuwa chake.

Januari Hoyt akapata kiharusi. Fimbo ya kuvulia bado anaimudu, lakini vidole vya kushoto vimekuwa vizito, na mnyoo laini unamponyoka. Machi akaja kubandika tangazo la kuuza boti, papa hapa dukani, mbele ya mkewe.

"Mwanamume asiyeweza kuweka chambo chake akae nyumbani," alisema.

Bi Verlene akalichana tangazo, duka limejaa watu. "Miaka yote hii nawawekea chambo wanaume wa kaunti hii, Hoyt. Hakuna aliyekufa kwa aibu. Na hata si waume zangu!"

Tulicheka mpaka machozi, na Hoyt akacheka pia, mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Aliondoka na pakiti ya minyoo ya zambarau.

Bi Verlene, asante kwa kutufundisha, na hata kwa kutugombeza. Tunakuombea wewe na Hoyt afya, maji matulivu na besi wanono. Nanyi wateja wetu, Jumamosi mkiwaona ziwani, wapungieni mkono mpite. Msiwasogelee na ndoano zenu. Siku hiyo Bi Verlene anamvishia mtu mmoja tu.