Jambo Jipya la Saa Nne

Katika tuktuk iliyotoka Ahero kuelekea mashamba ya mpunga, Ikhlas, fundi cherehani, alijidai anatazama barabara huku masikio yote yakiwa kwa abiria wenzake wawili. Kijana Okinyi alikuwa akimweleza mama asiyemjua kwamba anasomea udaktari wa fizikia, ule usiotibu mtu. Kando ya mfereji ameweka kisanduku chenye chembe ya almasi inayohisi sumaku hata ikiwa hafifu namna gani. "Kila siku saa nne asubuhi mstari wa vipimo unaruka, Mama. Wiki tatu sasa! Profesa wangu anasema huenda ni jambo jipya duniani."

"Kisanduku cheupe?" mama akauliza. "Nyathina, mwanangu, mbuzi walitaka kukula hizo waya. Saa nne wakipita, mimi huegemeza baiskeli yangu hapo, nawafukuza."

Ikhlas aliuma leso asicheke. Okinyi alifunga daftari lake polepole. "Baiskeli ya chuma?"

"Sasa ya nini, ya mbao?" Tuktuk ikasimama kwenye mfereji, mama akashuka. "Kesho nisikuje, mbuzi wakule? Mwambie profesa hilo jambo jipya linaitwa Mama Awuor."