Kufuli la Lango la Nyuma

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kituo chetu, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, wanangu na mama yao, nanyi wenzangu mlionipa jina la Mzee Kanda: nawasalimu kwa heshima.

Mshereheshaji wa hafla hii ya kuniaga amesema kwamba kwa miaka thelathini na moja ya kutunza stoo sijapoteza kanda hata moja, nanyi mkapiga makofi. Makofi yale yamenichoma, kwa sababu si kweli.

Mnakumbuka tulipoagizwa kuhamishia kanda za zamani kwenye kompyuta. Stoo ilikuwa imejaa hadi madirishani, na agizo lilikuwa fupi: baneni video, mafaili yawe madogo, kanda zifutwe zitumike upya. Televisheni yetu hurusha picha ishirini na tano kila sekunde. Mtazamaji huona mtu anatembea, kumbe ni picha zilizosimama, zinafuatana mbio. Nikajiambia, nani atazihesabu? Nikawa nahifadhi picha moja, natupa moja, na zilizobaki nikazikamua, kisha nikafuta kanda yenyewe. Mashine ya kubana haina chuki na mtu: kisichosogea hukihifadhi mara moja, kinachosogea hukitafutia nafasi, na nafasi ikiisha, hukisia.

Agizo liliniruhusu kutenga kanda muhimu. Sikutenga hata moja. Nilitaka kumaliza mapema nisifiwe, na kweli nilisifiwa.

Kati ya kanda hizo ilikuwamo ya moto wa kiwanda cha nguo. Mpiga picha wetu, ambaye sasa ni marehemu, alifika ukuta wa nyuma watu wakiwa bado wanapiga mayowe ndani. Siku kanda ile ilipoletwa niliitazama. Kamera ilipita mbele ya lango la nyuma kwa nusu sekunde tu, nami nikaliona kufuli. Lilikuwa limefungwa, tena kwa nje.

Miaka sita baada ya moto ule akaja mjane wa fundi cherehani mmoja aliyefia mle. Familia zilikuwa zimefungua kesi, na mwenye kiwanda alidai kwamba lango lilikuwa wazi, ila watu walichanganyikiwa wakalipita. Yule mama aliketi kando yangu mbele ya kompyuta, mkoba mapajani.

“Baba, simamisha hapo.”

Nikasimamisha. Moshi, kwa kuwa unasogea, ulikuwa umekula nafasi yote. Lango limebaki vipande vya kijivu.

“Rudisha nyuma kidogo.”

Nilirudisha labda mara kumi.

“Kufuli liko wapi?”

“Halipo, mama.”

“Halikuwapo?”

“Lilikuwapo. Mimi ndiye niliyelitupa.”

Hakulia. Alifunga zipu ya mkoba wake, akaondoka.

Nilikwenda mahakamani kwa hiari yangu, nikaeleza nilichokiona. Wakili wa mwenye kiwanda aliuliza swali moja tu: “Mzee, unaweza kutuonyesha?” Nikasema siwezi. Akasema, “Basi, sina swali zaidi.” Watu kumi na tisa waliteketea, na ushahidi wao ulikuwa ile nusu sekunde, picha kumi na mbili ambazo mimi, kwa mkono huu, niliziona hazina faida. Kesi ikatupwa.

Nje, kwenye ngazi, nilimfuata yule mama nikamwomba msamaha. Akaniambia: “Miaka yote hii naambiwa mume wangu alikufa kwa ujinga wake. Leo angalau nimesikia mtu akimwambia hakimu kwamba walifungiwa. Lakini kukusamehe, baba, bado sijaweza.”

Wenzangu mnaobaki, sijasimama hapa kuwakataza kubana. Nafasi ni ndogo, najua, na kazi ni nyingi. Nawaomba tu mjue kwamba mnapoamua kipi kinaonekana na kipi hakionekani, mnaamua kwa niaba ya watu msiowajua, kwa siku msiyoijua. Na Mheshimiwa Mkurugenzi, stoo ina kanda mia mbili na kumi ambazo hazijaguswa, na barua ya kuzifuta iko mezani kwako inasubiri sahihi. Sikuombi zawadi nyingine. Ichane.

Jana nilimpigia simu yule mama kumwalika. Akasema: “Nitakuja siku mtakaponionyesha lile lango.” Kiti nilichomwekea ni kile kitupu, karibu na mlango.

Mmenivumilia hadi neno la mwisho. Asanteni.