Mtungi Aliotaka Kuung'oa

Kwenye Kosta, basi dogo la kwenda Makambako, mama aliyeketi mbele yangu alimwambia jirani yake, fundi magari mwenye ovaroli, kwamba anakwenda kumwona mwanawe Ronald, dereva wa mbio za magari. "Mwezi uliopita gari lake lilipinduka, likashika moto, na mkanda ukagoma kufunguka. Akavuta swichi ya mtungi wa kuzimia moto uliofungwa garini, povu likatoka kwenye mabomba likazima moto wote. Ameungua mkono tu. Namshukuru Mungu."

"Na aliyefunga huo mtungi ashukuriwe, mama," alisema fundi. "Vijana huung'oa ili gari liwe jepesi."

"Hata Ronald alitaka kuung'oa. Fundi wake, Agustino, akakataa katakata."

"Basi aliyemwokoa ni Agustino."

"Na huo ubishi wa Agustino aliutoa wapi, baba?"

Mimi, ambaye sikuulizwa, nilitazama mashamba ya chai.

Kwenye stendi ya Makambako fundi alimsaidia mama kushusha gunia la viazi, akauliza kama ni la Ronald.

"La Agustino," alijibu mama. "Mungu nilishamshukuru kanisani kwetu Uwemba."